Paka wa moto kwenye kampeni yako: simba jike wa jehanamu, Kimera, Kasha au Nunda?

Kuna siku DM (muongoza mchezo) unataka paka tu. Majoka yameshazoeleka, wachezaji wakisikia mabawa wanajipanga wenyewe kabla hujamaliza sentensi, wewe unataka kitu kinachonyata, macho mawili kama makaa juu kwenye kenchi, halafu ghafla chumba kizima kinawaka. Sasa unafungua SRD 5.1, yaani kanuni za bure za ule mchezo wa mezani wa kuigiza wa D&D, mbwa wa moto yupo, farasi wa moto yupo, jitu la moto lipo, hadi mtu-nyoka wa moto yupo, paka wa moto hola. Inabidi umtengeneze mwenyewe au umtoe kwenye hadithi za watu, na mimi nimezunguka nikaona njia ni nne ambazo kweli zinafanya kazi mezani. Hapa naziweka pembeni kwa pembeni uone ipi inakaa na watu wako.

Namba za wanyama nimezitoa kwenye hiyo SRD, ni ya bure na tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons kwahiyo kata, bandika, badilisha, hakuna atakayekuuliza. Mahesabu ya uzito wa pambano ni ya kanuni za 2014, na kila mahali nahesabu kundi la wachezaji wanne.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Uzito wake, yaani levo gani wanaweza kukutana naye wakarudi nyumbani. Moto wake unafanya nini, maana upo moto unaopiga mara moja ukaisha, upo unaobaki mwilini, na upo unaokula. Mchawi wenu kabeba nini, kwa sababu wachawi wengi wa mezani wana moto tu mfukoni na mnyama asiyeungua anawageuza watazamaji. Kazi unayoachiwa wewe DM kabla ya siku ya mchezo. Na la mwisho, ambalo mimi naliweka juu ya yote: wachezaji wana kitu gani cha kufanya zaidi ya kupiga?

Hili la mwisho nilijifunza vibaya. Jumamosi moja umeme umekatika, tunachezea tochi ya simu tumeiwekea chupa ya maji juu ili mwanga usambae, watu wanne levo 3, nikawatupia paka wawili wa moto kwa mpigo. Sikuhesabu kitu. Mchawi alikuwa na HP (pointi za uhai) 17. Paka wa kwanza akapuliza, jamaa akarusha dadu ya kujinusuru akapata 4, DC (namba ya kufikia) ni 12, akala 21, chini. Paka wa pili akapuliza palepale, na ukishazimia kujinusuru kwa Dex (wepesi) unafeli moja kwa moja hata hurushi, akala 19. Ukiwa kwenye 0 halafu ukapigwa demeji inayofikia HP yako yote, hakuna cha kusubiri kufa pole pole, umekufa. Hakuwa amecheza hata zamu moja. Akasimama akasema "basi mi nawaletea chipsi mayai" akatoka, na aliporudi bado tulikuwa tunapigana na paka walewale.

Simba jike wa jehanamu

Hii ndo njia ya mkato, na sio aibu. Unamchukua Hell Hound, yule mbwa wa jehanamu, unamvua ubweka unamvalisha unyayo wa paka. CR (daraja la ugumu) 3, HP 45, AC 15 (sio AC ya kupoza chumba, ni ugumu wa kumpata), anakimbia futi 50. Kwa kundi la levo 3 pambano la kawaida ni XP (pointi za uzoefu) 600, gumu 900, la kuua 1,600. Huyu mmoja ni 700, safi kabisa. Wawili ni 1,400 lakini kwa kuwa wako wawili unazidisha kwa 1.5 inakuwa 2,100, na hapo ndipo mimi nilipomzika mchawi wa watu.

Moto wake ni pumzi, koni ya futi 15, 6d6 yaani dadu sita za pande sita, wastani 21, ukijinusuru unakula nusu. Akishapuliza, kila zamu unarusha dadu ya pande sita, ikitoka 5 au 6 pumzi imerudi. Kwahiyo ni theluthi tu, mara nyingi atapuliza mara moja au mbili mpaka anakufa, katikati anang'ata kwa meno na 2d6 za moto juu yake.

Kitu kimoja watu wanakiruka wakimgeuza: huyu mbwa ana ile ya kuwinda kwa kundi, anapiga kwa nafuu kama mwenzake yuko karibu na adui. Ukimfanya simba jike imekaa vizuri sana, simba ndio wanawinda hivyo. Ukimfanya chui inakuwa uongo, chui ni mtu wa peke yake, hapo itoe hiyo umpe kujificha, chukua ile +6 ya Stealth aliyonayo Panther. Na ukitaka awe paka kweli mpe mruko wa simba, anakimbia futi 20 moja kwa moja, akikupata kwa kucha unajinusuru kwa nguvu DC 13 au unalala chali, kisha anakung'ata kwa tendo la ziada. Ila ukimpa mruko basi pumzi ishushe iwe 4d6, usimpe vyote.

Zaidi ya kupiga hakuna kikubwa, wanatawanyika wasikae koni moja na ndo basi. Mchawi wa moto analia, huyu haungui. Kazi kwa DM ni dakika kumi, unaweza kuifanya watu wakiwa wanavua viatu mlangoni. Anamfaa DM mgeni, au DM yeyote ambaye siku ya mchezo imemkuta hajajiandaa.

Kimera

Huyu ni wa Wagiriki, simba mbele, mbuzi katikati, nyoka nyuma, na anatema moto, mshairi wao Homer kamuimba hivyo hivyo. Kwenye D&D kichwa cha nyoka kimekuwa cha joka na ndicho kinachopuliza, so kama unataka paka mtupu utaona umeuziwa theluthi moja. Unaweza kulirekebisha kwa kuhamishia pumzi kwenye kichwa cha simba, namba hazibadiliki na hakuna polisi.

CR 6, HP 114, AC 14, anaruka futi 60. XP 2,300, kwa levo 5 hiyo ni ya kawaida iliyopanda kidogo, kwa levo 4 imeshavuka mstari wa kuua ambao ni 2,000. Tofauti ya levo moja tu, kwahiyo usiseme "si wanakaribia kupanda". Pumzi yake 7d8, wastani 31, DC 15. Mchawi wa levo 5 mwenye Con (ustahimilivu) 14 ana HP 32. Moja! Anabaki na HP moja, na ile sura mtu anayofanya akihesabu kisha akakuta amebaki na moja ni raha ambayo hell hound hawezi kukupa. Ila mwenye Con 12 ana 27, huyo anaanguka.

Halafu anapiga mara tatu kwa zamu, meno, pembe, kucha, na pumzi ikiwepo inakaa mahali pa meno au pembe, kwahiyo anapuliza NA anapiga mara mbili. Kundi lisilo na mishale litateseka, atakuwa juu anawachungulia.

Sasa uzuri wake. Kwanza anaungua. Soma namba zake vizuri, hana kinga ya moto kabisa, anatema moto na moto unamla, kwahiyo mchawi wa moto kwa huyu ni mfalme. Pili ana njia ya kumtoa iliyopo kwenye hadithi yenyewe: shujaa Bellerophon alimfuata juu ya Pegasus, yule farasi wa mabawa, na masimulizi ya baadaye yanasema aliweka bonge la risasi, madini namaanisha, kwenye ncha ya mkuki akamsukumia mdomoni, moto wake mwenyewe ukaiyeyusha risasi ikamshukia kooni. Hilo ni dili la bure. Waache wasikie kijijini habari ya mhunzi na bonge la risasi, kisha ukae kimya uone nani atalifikiria. Kwangu mimi atakayefika karibu na kinywa na akapiga shabaha, pumzi imezibwa pambano zima.

Na mahali pake papo. Alisemekana kuwa wa Likia, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, na mkoani Antalya kuna mlima unaitwa Yanartaş ambako gesi inatoka kwenye nyufa za mawe inawaka yenyewe usiku na mchana, watalii wanapanda kuangalia, na wengi wanaihusisha na huyu Kimera. Chora ramani ya mteremko wenye vimoto kumi na tano vilivyotawanyika, basi unayo pango tayari, anayesukumwa anaungua.

Kazi kwa DM ni ya kati. Lazima uwe na ramani na uikubali hesabu ya kuruka. Anawafaa wanaopenda vita vya kupanga, gridi, nani asimame wapi.

Kasha

Kwa Kiswahili kasha ni sanduku, na kwa bahati ya ajabu Kasha wa Japani anachokuja kuiba ni maiti iliyo kwenye jeneza. Jina lake linaandikwa kwa herufi za moto na gari, mchoraji Toriyama Sekien alimchora kwenye kitabu chake cha mazimwi cha 1776, na watu walisimulia kwamba paka akizeeka sana anaweza kugeuka kuwa yeye. Mnasindikiza maiti, wingu jeusi linafunga, upepo, anashuka na moto wake anaondoka na marehemu, hasa kama marehemu alikuwa mtu mbaya.

Huyu kwenye SRD hayupo, unamjenga. Mimi namjenga juu ya Fire Elemental, zimwi la moto mtupu: CR 5, HP 102, AC 13, futi 50, namuongezea kuruka. Kwa XP ni 1,800, levo 4 ni pambano gumu, levo 5 hata la kawaida hajafika, ila namba hapa sio habari kabisa. Habari ni kwamba hajaja kupigana na nyie. Amefuata jeneza. Anapita hata kwenye upenyo wa inchi moja, kwahiyo kufunga mlango ni kujifariji.

Moto wake ndo wa aina ya pili, unabaki. Akikugusa unashika moto, kila mwanzo wa zamu yako unakula 1d10 mpaka mtu atumie tendo lake kukuzima. Ona inavyobadilisha meza: sasa mwenzio anachagua, akuzime wewe au aling'ang'anie jeneza? Hakuna aliyekaa. Tulipocheza, mpiganaji anawaka, kasisi anamwambia "kaka vumilia raundi moja", na raundi moja ikawa tatu.

Maji yanamuumiza, demeji moja kwa kila galoni. Galoni ni kama lita 4, kwahiyo ndoo ya lita 20 inakupa 5. Jamaa yetu akapiga hesabu papo hapo, HP 102 ni ndoo ishirini na moja, akauliza kisima kiko futi ngapi kutoka msibani, na sikuwa na jibu kwa sababu kisima sikukichora. Chora kisima.

Njia nyingine za kumtoa zipo kwenye mila zenyewe. Rozari ya Kibuddha ilitupwa juu ya jeneza, mahali pengine waliweka wembe juu yake, na kuna sehemu walifanya mazishi mara mbili, la kwanza jeneza limejaa mawe ili aibe mawe. Hilo la mawe mimi simwambii mchezaji hata kwa dawa, nasubiri walifikirie wenyewe, na wakilifikiria nawapa ushindi wote bila dadu.

Mchawi wa moto hapa hana kitu, na mpiganaji wa silaha ya kawaida naye nusu ya demeji yake inapotea, mwambie mapema asije kununa. Kazi kwa DM ni kubwa kabla, ndogo wakati wa mchezo: marehemu ni nani, alifanya nini, kwanini mjane hataki ajulikane. Unamwendesha usiku mmoja unaisha. Ila jamani ulizeni kwanza mezani. Kama kuna aliyetoka kuzika juzi, huyu sio mnyama wa wiki hii.

Nunda wa makaa

Huyu ni wetu, na niseme ukweli, kwenye hadithi hana moto, moto nimemuwekea mimi. Hadithi ya Nunda mla watu Edward Steere aliikusanya Zanzibar ikachapishwa 1870, lakini wengi tumeipata kwa bibi. Sultani Majnun ana paka anampenda. Paka anakula kuku, watu wanakuja kulalamika, sultani anasema paka wangu, kuku wangu. Anakula kinachofuata, jibu ni lile lile, mpaka anafika kwa watu, na mpaka anakula watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba anakubali kuwa huyo sio paka tena, ni nunda. Kisha yule mtoto mdogo anaingia porini kumsaka, na kila mnyama anayemuua anamletea mama yake, mama anamwambia siye huyu.

Sasa angalia namba, hii nilipoigundua niliruka. Paka wa nyumbani kwenye SRD ana HP 2. Panther ana 13, simba 26, Saber-Toothed Tiger 52, na Fire Elemental 102. Ni kama mtu alikaa akamwandalia nunda ngazi, ukiacha ule mruko wa kwanza, kila akila anajizidisha karibu mara mbili. Kipindi cha kwanza yuko kwenye mapaja ya sultani, wachezaji wanamkuna shingo. Kipindi cha tatu mabanda ya kuku yamekutwa tupu na majivu ya moto. Kwangu mimi alianza kula makaa jikoni, mpishi anashangaa jiko limezimika lenyewe.

Moto wake ni ule wa tatu, unaokula. Mpe ile sifa ya golemu wa chuma (sanamu inayotembea), ukimpiga kwa moto badala ya kuumia anarudishiwa HP. Mchawi wa moto hapa sio kwamba hana kazi, ni hatari kwa wenzake, na siku akiligundua hilo katikati ya vita utasikia meza nzima ikimgeukia. Kuanzia HP 52 mpe pia joto la mwili, anayemgusa anakula 1d10.

Cha kufanya zaidi ya kupiga? Kila kitu. Akiwa na HP 2 yeyote anaweza kumuua kwa kandambili, lakini ni paka wa sultani. Ndo mchezo wenyewe huo, wanajua, wanaona, na hawawezi kumgusa bila kupambana na ikulu. Wanaweza kumnyima chakula, kuhamisha mifugo, kuzima moto mji mzima usiku, kumshawishi wazir. Wakichelewa wanamkuta na 102. Na ile ya kuua mnyama ambaye siye itumie, weka fisi, weka chui wa kawaida, kijiji kishangilie, halafu asubuhi mbuzi wamepungua tena.

Kazi kwa DM ndo kubwa kuliko wote, lazima utunze daftari la amekula nini na lini. Na inataka watu walewale waje kila wiki. Mtu akikosa vipindi viwili akija anauliza "huyu sultani ana shida gani?" imekatika.

Sasa wewe umekaa wapi

Ndo mara yako ya kwanza kuendesha, au mmekutana tu na kuna saa tatu kabla ya daladala za mwisho: simba jike, mmoja, levo 3. Wakiwa levo 2 mmoja bado ni pambano gumu, muanzishe akiwa amejeruhiwa na pumzi ameshaitumia.

Kundi la levo 5 kwenda juu, lina mpiga upinde na linapenda ramani, au mchawi wenu kila alichonacho ni moto na hutaki akae bure: Kimera. Huyu ndo ningempa pia meza ya watoto, vichwa vitatu wanavipenda na wao lile bonge la risasi wanalifikiria haraka kuliko sisi.

Mna usiku mmoja, watu wanaoongea sana na dadu zinawachosha, na hakuna msiba wa karibu: Kasha.

Kampeni ni ya miezi, watu ni walewale, na una uvumilivu wa daftari: Nunda. Kama daftari huliwezi ila hadithi umeipenda, mpunguzie ngazi zibaki tatu, 2, 26 na 102, na kila hatua itokee baada ya kosa moja la wachezaji.

Kama bado umekwama kati ya wawili, waulize wachezaji swali moja bila kuwaambia kwanini: nyumba ikishika moto, mnakimbilia kutoa nini kwanza? Wakijibu watu, wape Kasha. Wakibishana nani aliacha jiko linawaka, wape Nunda. Wetu walijibu "dadu" kwa pamoja, nikawapa Kimera.